Nimefanya sevisi mwenyewe, sasa gari inatetemeka

Tangu Sabasaba ipite simu ya ukurasa huu haijapumzika, inaonekana wengi mlipata muda mkashika spana, na mimi sina ubaya na hilo kabisa, mtu anayejua kufungua plagi yake mwenyewe hadanganywi kirahisi gereji. Ila meseji zinafanana mno, gari inawaka vizuri lakini ikisimama inatetemeka. Nimechukua nne.

Fundi habari za kazi. Nina IST ya 2004 ya cc 1500, nipo Tabata. Jumapili niliifanyia sevisi mwenyewe nikifuata video, nikabadili oili na filta yake, plagi zote nne, eya klina, nikasafisha throtobodi mpaka ikang'aa, na betri nilichomoa kwa usalama. Kabla ya hapo haikuwa na shida yoyote, nilifanya tu kwa sababu kilomita zilifika. Sasa kwenye mataa ikiwa kwenye D inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, RPM inashuka hadi 400 inapanda 900, nguvu haina, na jana napandisha flaiova ya Tazara taa ya cheki injini ikawa inawakawaka. Nikachomoa betri tena ikazimika, leo imerudi. Fundi wa mtaani kasikiliza dakika moja kasema koili zote nne zimekufa niandae laki tatu na nusu. Mke wangu ananiangalia tu haongei. Nifanyeje?
*Mwenye IST, Tabata*

Pole ndugu yangu, na hiyo laki tatu na nusu ibaki mfukoni kwanza. Koili nne, hizo zinazopelekea plagi umeme, zilizokuwa zinapiga kazi Jumamosi zimekubaliana vipi kufa pamoja Jumapili, tena saa ileile wewe umeinama kwenye boneti? Inaweza ikafa moja, labda uliivuta vibaya, ila nne hapana. Gari ikiwa nzima kabla ya sevisi na mbovu baada ya sevisi, ugonjwa unatafutwa pale mkono ulipopita, na mkono wako umepita kwenye plagi, koili, njia ya hewa, throtobodi (ule mlango wa hewa wa injini), oili na betri. Hatutoki nje ya hapo mpaka tumalize.

Kabla ya yote, hiyo taa. Cheki injini ikiwaka ikatulia unaweza ukajikokota mpaka nyumbani, lakini ikiwa inawakawaka maana yake kuna silinda inamisi vibaya, petroli yake haiungui humo ndani inatoka mbichi inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi), na masega yakipata moto wa namna hiyo yanayeyuka yanaziba, hapo ndo utajuta kwanini hukununua koili. Kwa hiyo gari ikae. Na acha kabisa kuchomoa betri ili taa izime, kila ukichomoa unafuta kodi (namba za makosa) zilizokuwa zimehifadhiwa, yaani unafuta ushahidi halafu unaniuliza mwizi nani. Tafuta mtu mwenye mashine asome. Ikisema P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivohivo mpaka P0304, P0300 ni kwamba inarukaruka haieleweki ipi, na P0171 ni kwamba hewa imezidi petroli. Vimashine vidogo vya bluetooth vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi hizi gari za soko la Japan za kabla ya 2008, zina lugha yake, usije ukadhani kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa.

Sasa tuje kwenye kutetemeka kwenyewe, maana sailensi (injini inavyozunguka bila kukanyaga mafuta) mbaya zipo za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna ile ya kumisi, gari inapiga kwa mdundo, tuk tuk tuk, ukisimama nyuma ukaweka kiganja karibu na ekzosi unasikia moshi unakatika. Na kuna ile ya sailensi kupanda na kushuka yenyewe kama mtu anachezea pedeli, hii mara nyingi ni hewa. Wewe una dalili za zote mbili kwa hiyo usishangae ukikuta makosa mawili, fundi wa mara ya kwanza huwa hakosei moja.

Anza na hewa kwa sababu haina gharama. Washa tochi ya simu, fuata bomba kubwa kutoka boksi la eya klina mpaka throtobodi. Kifuniko cha boksi kina vilimi vya upande wa nyuma vinavyotakiwa kuingia kwanza ndo ufunge klipu za mbele, watu wanafunga klipu za mbele wakisikia ka! wanaondoka, kumbe nyuma kumeachia. Klipu ya bomba kwenye throtobodi je umeikaza, au imekaa juu ya ukingo? Mipira midogo iliyokuwa imechomekwa kwenye bomba hilo umeirudisha yote? Sensa ya hewa inapima hewa inayopita mbele yake tu, hewa ikiingilia nyuma yake kwa mlango wa uani kontrol boksi haijui, inamwaga petroli kidogo kuliko inayotakiwa, na kwenye sailensi ndo inaonekana zaidi maana hapo injini inavuta hewa kiduchu, tundu dogo tu ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga mafuta inatulia kidogo.

Kwenye hilohilo angalia kifuniko cha oili na dipstiki. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi wanaonya kwamba dipstiki, kifuniko cha oili au mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye hewa ya injini) ukiwa umeachia injini inaweza isitulie, na wewe ulimwaga oili siku hiyohiyo.

Kuna wanaopuliza petroli au brake cleaner juu ya injini inayowaka wasikie wapi RPM inabadilika. Usifanye hivo nyumbani kwako. Chukua chupa ya kupulizia maji, weka maji na tone la sabuni, puliza kidogokidogo kwenye maungio ya mipira na manifoldi ya kuvutia hewa, mbali na soketi za umeme, ukisikia inafyonza au sailensi ikabadilika umepapata.

Hewa ikiwa salama nenda kwenye koili. Injini ya IST ya cc 1500 ni 1NZ, kila plagi ina koili yake juu, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Shida ya magari yetu haya ya miaka 20 ni vile vifungo vya plastiki vya soketi, vimeshaungua na joto, ukivibonyeza vinavunjika, halafu soketi inaingia lakini haishiki, injini ikitikisika kidogo inaachia. Chomoa moja moja ukiwa umezima gari, angalia pini hazijapinda, rudisha mpaka usikie kaklik. Kisha fanya jaribio ambalo fundi wako angelifanya kabla ya kutaja laki tatu: koili ya silinda inayomisi ihamishie kwa jirani yake. Ukisoma tena kodi ikahama nayo, koili mbovu, nunua moja. Ikibaki palepale, koili haina kosa.

Mafundi wa zamani watakwambia chomoa koili moja moja gari ikiwaka usikilize ipi haibadilishi mlio. Kwenye gari za distributa sawa, tulifanya sana na tulipigwa shoti sana. Kwenye hizi koili za juu ya plagi unaweza kuiua koili, na unamwaga petroli mbichi kwenye masega. Kama ni lazima, zima gari, chomoa soketi ya noz (inayopuliza petroli) ya silinda moja, washa sekunde chache usikilize, zima, rudisha. Silinda ambayo ukiinyima petroli injini haioni tofauti, hiyo ndo ilikuwa imelala.

Halafu plagi, na hapa ndo mimi nina wasiwasi napo zaidi kuliko kote. Plagi ya 1NZ inafungwa na boksi ya 16, inaingia ndani kabisa kwenye kisima chake, ukiinamisha spana kidogo tu wakati unakaza ile sehemu nyeupe inapasuka ufa mwembamba kama unywele ambao huuoni mpaka uipanguse na uigeuze kwenye mwanga. Umeme ukipata ufa unapita hapo unakimbilia kwenye bodi ya injini, chini hauendi. Ukiona mstari mweusi kama wa penseli kwenye ule weupe, umemkamata. Na uliidondosha hata moja sakafuni? Plagi iliyodondoka mdomo unajifunga. Nafasi yake kwenye injini hii ni milimita 1.1, pima na fila geji, na kama ni iridiamu usiingize chuma kwa nguvu, ile ncha ni nyembamba inakatika. Kuna na plagi feki, boksi linafanana kila kitu, hizo zinamisi zikiwa mpya kabisa. Ndo maana siku zote nasema za zamani usitupe mpaka wiki ipite, zile ulizotoa zilikuwa nzima sio? Rudisha zilezile. Gari ikitulia umemaliza kesi bila shilingi. Zinaanzwa kwa mkono mpaka zigote ndo spana inafuata, kama Nm 18 hivi, yaani kukaza kwa heshima. Ukikuta kisima kina oili, hiyo ni gasketi ya kava ya tapeti, ni jambo lingine lakini na lenyewe linamisisha.

Mwisho throtobodi. Ile masizi uliyoitoa kontrol boksi ilikuwa imeshaizoea, ilijifunza kufungua kidogo zaidi ili ifidie uchafu, sasa uchafu hakuna hewa inapita nyingi, na juu yake betri umechomoa mara mbili kwa hiyo hata alichojifunza kimefutika. Anaanza darasa la kwanza. Ikishakuwa haimisi tena, washa gari, AC na taa na redio vikiwa vimezimwa, iache ipate moto mpaka feni ipige, iache tena kama dakika 10 usiguse pedeli, kisha washa AC dakika chache, kisha weka D umekanyaga breki, halafu zunguka mtaani. Ikiwa na moto inatakiwa itulie kwenye 700 hivi. Kama yako ni ya kebo, kwenye throtobodi kuna valvu ya sailensi, uchafu uliolainishwa na ile dawa unaweza kuwa umeingia humo ukanata, itabidi isafishwe na yenyewe.

(Kabla hatujafunga ukurasa amenirudia. Plagi tatu zilikuwa hazina kosa, ya nne ilikuwa na ufa, anakiri spana ilimteleza, na kilimi kimoja cha boksi la eya klina kilikuwa nje. Amerudisha plagi ya zamani. RPM bado ilikuwa inahema kidogo asubuhi, siku ya pili ikatulia. Fundi wa mtaani hajamwambia, na nimemshauri asimwambie.)

Fundi, mimi ni dada nina Nissan Tiida hapa Dodoma. Mdogo wangu alisafisha throtobodi, alikuwa anaifungua kile kisahani kwa kidole ili apanguse ndani. Sasa haitetemeki ila sailensi imebaki 1500 haishuki, nikiweka D gari inaondoka yenyewe kama imetumwa. Breki zinanichosha. Wanasema ninunue throtobodi nyingine.
*Dada wa Tiida*

Dada yangu usinunue bado. Nissan ana tabia yake, Toyota mara nyingi inajifunza yenyewe pole pole lakini Nissan lazima umfundishe, asipofundishwa anaweza kukaa na hiyo 1500 mpaka mwakani. Njia nzuri ni mashine inayoingia kwenye Nissan, kuna sehemu ya kumfundisha hewa ya sailensi, ni kazi ya dakika chache. Kama hamna mashine kuna ya pedeli, na inahitaji saa ya ukutani au ya simu maana sekunde zinahesabiwa kweli.

Gari ipate moto kamili kwanza, uizungushe kama dakika 10, betri iwe na nguvu, AC, taa na feni ya ndani vizimwe, usukani unyooke, gia kwenye P. Zima, subiri sekunde 10. Weka ufunguo ON bila kuwasha, hesabu sekunde 3, kisha kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini uachie mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini ushikilie, kama sekunde 20 hivi, taa ya cheki injini itaanza kuwakawaka halafu itatulia ikiwa imewaka, hapo ndani ya sekunde 3 uwe umeshaachia, kisha washa injini. Iache yenyewe sekunde 20, kisha gusa mafuta mara mbili tatu uone inarudi wapi. Hata mimi huwa inanikataa mara ya kwanza, wakati mwingine ya tatu, usimkasirikie mdogo wako. Ila mwambie kisahani cha throtobodi ya umeme hakisukumwi na kidole, ndani kuna vigia vya plastiki. Ikigoma zaidi ya mara tano sita angalia kwanza kama kuna mpira umeachwa wazi, maana hewa ikivuja Nissan hakubali kujifunza hata ukae hapo mpaka jioni. Na kabla haijashuka usiendeshe kwenye foleni.

Salaam fundi, mimi niko Mombasa, Kisauni, nina Probox ya kubeba mizigo. Nimebadilisha oili mwenyewe juzi, nikanunua mtungi wa lita 5 nikamimina wote kwani makanika wa hapa husema oili nyingi ndiyo afya ya injini. Sasa asubuhi inatoa moshi wa buluu, ikisimama inatetemeka, na plagi moja nilipoitoa ilikuwa imelowa. Nimeua injini?
*Dereva wa Probox*

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Hujaua, ila usiiwashe tena mpaka upunguze oili. Probox nyingi za huko ni 1NZ vilevile kama IST ya mwenzako wa Tabata, inachukua lita 3.7 ukibadili na filta. Wewe umeweka lita 1.3 juu ya inayotakiwa. Krankshafti inaipiga ile oili kama mtu anayepiga mayai ya keki, inakuwa povu, mvuke wake unavutwa kwenye mpira wa PCV unaingia kwenye hewa ya injini, ndo moshi wa buluu na ndo plagi iliyolowa. Na povu halilainishi kitu, hapo makanika wako ndo simuelewi.

Simamisha gari pahali palipo sawa, fungua bolti ya chini toa mpaka dipstiki isome kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Plagi zote zipanguse, iliyolowa isafishe ikauke. Fungua bomba la hewa uangalie ndani, ukikuta kidimbwi cha oili kipanguse, eya klina ikiwa imelowa ibadilishe. Moshi utaendelea siku moja mbili mpaka iliyokwama kwenye ekzosi iungue. Ukiendelea baada ya hapo, niandikie tena, na useme kama ilikuwa inakula oili hata kabla.

Mkuu, Spacio yangu ilikuwa haina shida, nikaona kwenye simu watu wanasafisha sensa ya hewa nami nikatoa nikaisugua na mswaki na petroli. Sasa inawaka inazima, inawaka inazima. Nipo Mwanza.
*Mkuu wa mswaki*

Mswaki! Mkuu, ndani ya hiyo sensa kuna kiwaya chembamba mno, kinapashwa moto, hewa ikipita inakipoza na kontrol boksi inapima kinavyopoa ndo inajua hewa imeingia kiasi gani. Wewe umekipigia mswaki. Ipo dawa yake ya kupuliza tu, inakauka bila kuacha mafuta, na hata hiyo haiguswi na kitambaa wala kupulizwa na upepo wa kompresa.

Jaribu hivi. Zima gari, chomoa soketi ya hiyo sensa, washa. Kontrol boksi ikikosa sensa inaendesha kwa kukisia, gari haitakuwa nzuri, lakini ikikaa inawaka vizuri kuliko sensa ikiwa imechomekwa basi sensa inadanganya, tafuta nyingine. Isipowaka kabisa usihukumu bado, rudisha, angalia kwanza kama uliigeuza wakati wa kufunga maana ina mwelekeo, na kama raba yake ya duara imekaa. Ukiamua kununua ya kutolewa kwenye gari nyingine, iwe Ilala kule Shauri Moyo au hapo kwenu, nenda nayo ya zamani mkononi ulinganishe namba zilizoandikwa ubavuni, siyo umbo, zipo zinazofanana kila kitu na zinasoma tofauti. Na uombe ujaribu kabla hujalipa, muuzaji wa maana atakuruhusu.